UA LA MOTO KATIKA KIWANJA CHETU

Somo kwa familia na kwa vikundi vya nyumba kwa nyumba

Somo letu la mwezi huu ni juu ya ua moja la porini linaloota lenyewe katika nchi hii ya West Nile. Tutajifunza mambo manne: namna ya kulitambua, hatari iliyo ndani yake, jinsi ya kulipanda na kulitunza, na kwa nini linafaa kulindwa. Tunaomba somo lisomwe kwa sauti nyumbani, watoto wakiwepo, kwa sababu sehemu yake moja inaweza kuokoa maisha ya mtoto.

1. KWA NINI TUSOME JUU YA UA?

Huenda mtu akauliza: “Sisi tuna shida ya chakula, na ninyi mnatuletea habari za maua?” Swali hilo ni la haki. Tangu mwaka 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda umepunguzwa mara kadhaa, na familia nyingi zina kiwanja kidogo tu cha mita 30 kwa 30. Katika kiwanja hicho kuna nyumba, choo, jiko, na mahali pa kupanda sombe, lengalenga, maharage na mahindi. Nafasi ya ua iko wapi?

Tunajibu hivi. Kwanza, ua hili halihitaji nafasi ya chakula. Linapanda juu ya ua wa nyasi au juu ya kichaka cha mpakani, na kiazi chake kinachukua sehemu ndogo ya ardhi. Pili, kwa sababu ya njaa watu wengi wanaingia porini kutafuta mboga na viazi vya mwitu, na ua hili lina kiazi chenye sumu kali. Asiyelijua anaweza kuchimba kifo chake akidhani amechimba chakula. Tatu, kila mwaka pori linapungua. Tunakata kuni, tunakata nyasi za kuezeka, tunalima, na moto wa kiangazi unapita. Mimea ambayo wazee wa hapa waliiona kila mahali inabaki pembezoni tu. Sisi ni wageni katika ardhi hii, na mgeni mwema hatamani kuiacha nyumba ya mwenyeji ikiwa tupu.

Tukumbuke pia ile barua ambayo nabii Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa Babeli (Yeremia 29). Hakuwaambia wakae wakingoja tu siku ya kurudi. Aliwaagiza wajenge, wapande bustani, na wautakie mema mji waliomo. Kupanda katika nchi ya ugeni si jambo geni kwa watu wa Mungu.

2. LIJUE UA LENYEWE

Wataalamu wa mimea wanaliita Gloriosa superba. Kila kabila lina jina lake, na ni vizuri kuwauliza wazee wa Kilugbara na Kikakwa wanaliitaje. Katika somo hili tutaliita ua la moto, kwa sababu petali zake zinasimama juu kama ndimi za moto wa jikoni.

Ua hili si la West Nile peke yake. Linaota katika sehemu nyingi za Afrika, kuanzia Senegali mpaka Ethiopia na kushuka mpaka Afrika Kusini, na pia huko India na Sri Lanka. Zimbabwe imelifanya kuwa ua la taifa. Nchini India, jimbo la Tamil Nadu limelichagua kuwa ua la jimbo, na wakulima wa huko wanalilima mashambani ili wauze mbegu zake kwa watengenezaji wa dawa. Hata hivyo, katika sehemu kadhaa za India lile la porini limekuwa adimu, kwa sababu watu walichimba viazi vyake mno bila kurudisha kitu. Kitu kinaweza kuwa kingi duniani na bado kikaisha kabisa katika kijiji chako.

Utalitambua kwa alama hizi:

(a) Shina ni jembamba, la kijani, linalopanda juu ya mimea mingine. Linaweza kufika urefu wa mita 2 au zaidi.

(b) Jani ni refu na jembamba, na mistari yake inakwenda sambamba kama ya jani la hindi. Alama kubwa iko kwenye ncha: inajikunja kama ndoano na kushika kijiti au jani la jirani. Hivyo ndivyo mmea unavyopanda. Mimea michache sana ina ncha ya jani ya namna hiyo.

(c) Ua lina petali sita zilizopinda kurudi nyuma na kuelekea juu, na kingo zake zina mawimbi. Linaanza likiwa na rangi ya kijani, kisha manjano, halafu nyekundu inaingia kutoka juu, na mwishoni linakuwa jekundu lote. Kwa hiyo katika mmea mmoja unaweza kuona maua ya rangi tofauti siku ileile.

(d) Tunda ni kama ganda refu la kijani. Likikauka linapasuka sehemu tatu na kuonyesha mbegu nyekundu zinazong’aa kama shanga.

(e) Chini ya ardhi kuna kiazi laini kama kidole kinene, mara nyingi kimepinda kama herufi V. Jicho la kuotea liko kwenye ncha ya kila mkono.

3. MAUTI NDANI YA CHUNGU

Waswahili husema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ua la moto ni zaidi ya mkakasi, kwa maana ndani yake kuna sumu. Sumu hiyo inaitwa kolchisini. Imo katika mmea mzima: majani, shina, ua na mbegu, lakini kiazi ndicho kilicho hatari kuliko vyote.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, aya ya 38 hadi 41, tunasoma habari inayofanana sana na hali yetu. Kulikuwa na njaa katika nchi. Mtu mmoja alitoka kwenda kutafuta mboga, akaona mmea wa mwitu unaotambaa, akachuma matunda yake nguo ikajaa, akayakatakata ndani ya chungu. Hakuyajua. Walipoanza kula ndipo wakagundua kwamba ndani ya chungu mna mauti. Angalieni: mtu yule hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mwenye bidii, alitaka kuwalisha wenzake. Kilichokosekana ni ujuzi. Na tuseme wazi kwamba unga aliotia nabii Elisha ulikuwa muujiza wa siku ile. Unga, maziwa, mafuta au mkaa wa jikoni si dawa ya sumu hii.

Huko Sri Lanka na India hospitali zimepokea watu wengi waliokula kiazi cha ua la moto wakidhani ni kiazi kikuu au kiazi kitamu. Baadhi yao walikuwa wamekipika. Kwa hiyo kila mmoja ajue: kuchemsha hakuondoi sumu hii.

Tofauti kati ya ua la moto na viazi vya chakula ni hii:

Kiazi kikuu kina jani pana lenye umbo la moyo, na mishipa yake inaanzia mahali pamoja penye kikonyo. Shina lake lenyewe ndilo linalojizungusha juu ya mti. Kiazi chake kwa kawaida kina ngozi ngumu yenye vinyweleo.

Kiazi kitamu kinatambaa chini, na jani lake ni la umbo la moyo au lenye pembe kama vidole.

Ua la moto lina jani jembamba lenye ndoano kwenye ncha. Kiazi chake ni laini, chembamba, kimepinda.

Lakini wakati wa kiangazi majani yote yamekauka na kupotea, na hapo ndipo njaa inauma. Kwa hiyo tunaweka sheria moja ya nyumba, ambayo hata mtoto wa miaka sita anaweza kuikariri: KIAZI AMBACHO HATUKUONA JANI LAKE, HATUKILI.

Dalili za mtu aliyekula: baada ya saa chache anaanza kuhisi mdomo na koo kuwaka, kisha tumbo kuuma, kutapika na kuharisha sana, wakati mwingine na damu. Wengine wanapata nafuu kidogo, ndugu zao wanadhani imekwisha. Haijaisha. Siku zinazofuata sumu inaweza kuharibu figo, ini, moyo na damu. Waliopona mara nyingi hupoteza nywele baada ya wiki moja au mbili, kisha nywele hurudi.

La kufanya ni hili:

– Usingoje dalili. Mara tu unapojua kwamba amekula, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, hata usiku, kwa bodaboda au kwa kubebwa.

– Usimlazimishe kutapika, wala usimpe dawa ya mitishamba.

– Chukua kipande cha mmea au cha kiazi, ukifunge ndani ya mfuko wa plastiki, ukamwonyeshe mganga. Mwambie alikula saa ngapi na kiasi gani.

– Kituo kikisema apelekwe hospitali kubwa ya Arua, msibishane. Mtu huyu anahitaji kuangaliwa kwa siku kadhaa hata kama anaonekana amepona.

Wengine watauliza: “Mbona tunasikia ni dawa?” Ni kweli kwamba kolchisini inatumika hospitalini kutibu jongo, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma. Mwaka 1820 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, waliitoa katika mmea mwingine wa jamaa hiyo hiyo. Lakini dawa ya hospitali hupimwa kwa sehemu ndogo sana za gramu. Kiazi hakina kipimo. Kimoja kina sumu kiasi hiki, cha pili mara mbili yake. Nyumbani hakuna mizani ya kupimia jambo hilo. Basi tusiitumie, wala tusimpe mtu, wala tusimnunulie mtu anayeuza.

4. JE, TULING’OE AU TULITUNZE?

Mkiisha kusikia habari hizi, wengine watatamani kuling’oa kila mahali. Tufikiri kwanza. Muhogo mchungu nao una sumu, lakini mama zetu wanajua kuuloweka na kuukausha. Mbono una mbegu zenye sumu, na bado watu wameupanda kuwa ua wa boma. Kisu kinakata, lakini hatuishi bila kisu. Mtoto anayelijua ua la moto yuko salama kuliko mtoto ambaye hajawahi kuliona, maana huyu wa pili atakutana nalo porini siku moja akiwa peke yake na mwenye njaa.

Hata hivyo kila familia haifanani na nyingine. Tunashauri hivi:

Nyumba yenye watoto wanaotambaa au walio chini ya miaka sita, wasilipande kiwanjani. Wakilikuta limejiotea karibu na nyumba, wamwombe mtu mzima alihamishie mbali.

Nyumba yenye mbuzi wanaozurura wasilipande mahali mbuzi wanapofika. Mifugo nayo hufa kwa sumu hii.

Nyumba ya watu wazima na vijana wanaoelewa, au kiwanja cha kanisa chenye uzio na msimamizi, wanaweza kulipanda kwa kufuata maagizo yanayofuata.

Na kwa kila mtu: lile linaloota pembezoni mwa njia au kwenye kichaka, mbali na nyumba, tuliache. Kuliacha nako ni kulitunza.

5. JINSI YA KULIPANDA

Kupata mbegu au kiazi. Usichimbe ndani ya msitu wa hifadhi. Sheria ya misitu ya Uganda ya mwaka 2003 inalinda misitu hiyo, na bila kibali utakuwa umevunja sheria. Katika ardhi ya kijiji, ardhi ina mwenyewe, hata kama hakuna nyumba juu yake. Nenda kwa mwenye ardhi, msalimie, eleza unachotaka, naye akikubali chukua kidogo. Palipo na mimea mitatu, usichukue hata mmoja. Chukua mbegu chache tu. Mahali pazuri pa kuchukua kiazi ni pale ambapo shamba jipya linafunguliwa au tofali zinafyatuliwa, maana hapo kitakufa hata hivyo.

Wakati. Hapa kwetu kiangazi kinaanza karibu na Desemba na mvua zinarudi Machi au Aprili. Wakati wa kiangazi kiazi kinalala. Kipande mvua za kwanza zinapoanza kulainisha ardhi.

Mahali. Chagua sehemu yenye jua, lakini chini pawe na kivuli kidogo cha nyasi au majani, kwa sababu mmea huu unapenda kichwa kiwe juani na miguu iwe kwenye ubaridi. Maji yasituame. Udongo ukiwa mzito, changanya na mchanga wa mtoni na samadi iliyooza vizuri, ukainue kama tuta. Mahali hapo pawe mbali na bustani ya viazi, muhogo na mboga, angalau upande mwingine wa kiwanja. Jambo hili si la hiari. Siku moja mtu mwingine, labda mgeni au mtoto wa jirani, atachimba viazi katika bustani yako, naye hatajua mpaka uko wapi.

Kupanda. Vaa mfuko wa plastiki mikononi, kwa kuwa utomvu unaweza kuwasha ngozi. Shika kiazi kwa upole: jicho likivunjika, mkono huo hauoti tena. Kilaze, usikisimamishe, katika shimo la kina cha sentimita 5 hadi 10. Funika kwa udongo mwepesi. Baada ya hapo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au mtoto. Jembe nalo lioshwe.

Cha kupandia. Simamisha vijiti vyembamba au matawi makavu yenye vitawi vingi. Ndoano ya jani haiwezi kushika mti mnene. Inahitaji kitu chembamba kama njiti au nyasi. Ua wa nyasi unafaa sana.

Maji. Mvua ikikosekana kwa wiki nzima, mpe kikombe kimoja au viwili vya maji yaliyotumika kuoshea mboga. Hatuombi mtu achote jerikani ya kisimani kwa ajili ya ua. Mmea huu umezoea mvua za hapa.

Alama. Andika kwenye ubao mdogo au chora fuvu, “SUMU – USICHIMBE”, kwa Kiswahili na kwa lugha ya jirani zako. Ubao ubaki hata kiangazi, wakati hakuna jani la kuonya mtu. Kiazi kinalala chini ya ardhi tupu, na ardhi tupu haisemi.

Baada ya kuchanua. Majani yakianza kuwa ya manjano, usiukate mmea. Unarudisha nguvu chini. Kila msimu kiazi cha zamani kinasinyaa na kingine kipya kinajitengeneza mahali pake. Shina likikauka kabisa, litoe, ulifukie au ulichome mbali na jikoni, na usimwagilie tena mpaka mvua zirudi.

6. KUOTESHA KWA MBEGU

Njia ya mbegu ni ya polepole, lakini ndiyo inayoongeza mimea bila kuibia pori.

Ua hili limeumbwa kwa namna ya ajabu. Kile kijiti cha katikati kinachopokea chavua kinapinda ghafula na kulala upande, mbali na chavua ya ua lenyewe. Vipepeo na ndege wadogo wanaofyonza maji ya maua ndio wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua. Kama huoni tunda likijitengeneza, chukua unyoya laini wa kuku, gusa chavua ya ua moja, kisha gusa ncha ya kile kijiti katika ua la mmea mwingine.

Sasa sikilizeni, akina mama na akina baba: tunda likipasuka, mbegu zake nyekundu zinamvutia mtoto kama peremende. Kwa hiyo kata matunda yakiwa yameanza kukauka lakini hayajapasuka, uyaweke ndani ya kopo lenye kifuniko, ulifunge kwa kamba na kuliandika SUMU, ulitundike juu.

Mvua zikianza, loweka mbegu usiku mmoja katika chombo ambacho hakitatumika tena kwa chakula, sugua ile ngozi nyekundu itoke, zifukie kina cha sentimita 1 katika mchanga uliochanganywa na udongo wa majani yaliyooza, uweke kivulini na kulinda unyevu. Baadhi zitaota baada ya mwezi mmoja, nyingine baada ya miezi kadhaa. Usizimwage ukidhani zimekufa. Mwaka wa kwanza utaona jani dogo tu, nalo litakauka kiangazi. Chini limeacha kiazi kidogo. Kuchanua kunaweza kuchukua mpaka mwaka wa tatu au wa nne.

Hapa ndipo wengi watasema: “Miaka mitatu! Mimi nitakuwa bado hapa?” Hatujui. Kuna aliyefika Lobule kambi ilipofunguliwa mwaka 2013 akidhani ni miezi michache, na mtoto aliyembeba mgongoni sasa anakata kuni. Kupanda mbegu ya miaka mitatu si kusema kwamba hutarudi nyumbani. Ni kusema kwamba miaka unayoishi hapa nayo ni miaka ya maisha yako, na ni miaka ya utoto wa watoto wako. Ukiondoka kabla halijachanua, atalitazama mwenyeji wako au mkimbizi mwingine aliyekuja baada yako.

7. HABARI YA UA LA TANGA

Tutoe mfano kutoka kwa majirani zetu wa Tanzania. Mwaka 1892, wakati Wajerumani walipotawala nchi ile, mtawala wa wilaya ya Tanga aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alituma kwao Ujerumani ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli, katika misitu ya Usambara na sehemu za Tanga. Baba yake akampa mtaalamu Hermann Wendland huko Hanover, naye mwaka 1893 akalipa jina Saintpaulia, kwa kufuata jina la familia hiyo. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameliingiza katika jamii ya Streptocarpus, lakini wapenzi wa maua bado wanalijua kwa jina la zamani.

Ua lile linaoteshwa kwa jani moja tu linalochomekwa katika udongo wenye unyevu, na kwa sababu hiyo lilienea upesi. Leo liko madirishani katika nyumba za Ulaya, Marekani na Japani, mamilioni kwa mamilioni. Lakini kule lilikotoka, kwenye milima ya Tanzania na kwenye vilima vya Taita nchini Kenya, aina kadhaa za mwitu zimebaki katika maeneo madogo sana, kwa sababu misitu iliyozipa kivuli imekatwa. Ua ni maarufu ugenini na ni maskini nyumbani.

Tunajifunza mawili hapa. La kwanza: mmea ukipandwa na watu wengi katika vyungu vingi, hautapotea upesi. La pili: chungu hakiwezi kuchukua nafasi ya msitu. Aliyepanda ua kiwanjani, kisha akachoma kichaka lilipotoka, hajaokoa kitu. Ndiyo maana kupanda kuende pamoja na kuacha vichaka vichache vya mpakani, na kutochoma nyasi ovyo.

8. UA NA WENYEJI WETU

Ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji mara nyingi huanza kwa vitu vidogo: kuni, nyasi, mbuzi aliyeingia shambani. Tusisahau kwamba watu wengi wa Arua na Koboko walikuwa wakimbizi wao wenyewe. Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, walikimbilia Zaire na Sudan, wakalala katika nyumba za watu, wakalima ardhi ya kuazima, kisha wakarudi. Wanajua ugeni ni nini.

Basi ukienda kwa mzee wa kijiji kumwuliza jina la ua, anaitumiaje ardhi ile, na zamani liliota wapi, umefungua mlango. Mtu anayekuja kuuliza anapokelewa tofauti na mtu anayekutwa akichimba. Na mkilipanda katika kiwanja cha kanisa, mrudishieni mzee yule mbegu chache za msimu wa kwanza, pamoja na maonyo yake.

9. MASWALI YA KUJADILI

(1) Katika nyumba yetu, nani anayeingia porini kutafuta chakula? Je, anajua alama za ua la moto?

(2) Taja tofauti tatu kati ya jani la kiazi kikuu na jani la ua la moto.

(3) Mtoto wa jirani ameonekana akitafuna mbegu nyekundu. Bado anacheza vizuri. Utafanya nini, na kwa nini usingoje?

(4) Soma 2 Wafalme 4:38-41. Yule mtu aliyechuma alikosea wapi? Angeuliza nani?

(5) Soma Yeremia 29:4-7. Ni kitu gani tumeacha kupanda kwa sababu tunasema, “Hapa si kwetu”?

(6) Ni kichaka gani karibu nasi ambacho tunaweza kukubaliana, sisi na wenyeji, kutokikata na kutokichoma?

10. KAZI YA MWEZI

Kila kikundi kimteue mtu mzima mmoja. Huyo, pamoja na mwenyeji anayelijua pori, awatembeze watoto kuanzia miaka saba, awaonyeshe ua la moto mahali lilipo bila kulichuma, na kila mtoto ashike kwa macho ile ndoano ya jani. Wakirudi, wakariri pamoja ile sheria: kiazi ambacho hatukuona jani lake, hatukili. Wanaopenda kuotesha kwa mbegu wajiandikishe kwa kiongozi wa kikundi chao, ili mahali pa kupandia pakubaliwe na majirani wote kabla mvua hazijaanza.